Les Blank na Sauti za Watu Wake: Uhakiki wa Filamu za Wanamuziki na Wasanii wa Pekee

Les Blank, Mmarekani aliyezaliwa Tampa katika jimbo la Florida mwaka 1935 na kufariki Berkeley, California, mwaka 2013, alitengeneza filamu nyingi za mambo ya kweli, na karibu zote zahusu watu ambao magazeti makubwa ya nchi yake hayakuwa na haja nao. Wapiga gitaa waliokuwa wakulima wa mashamba ya wengine, wapiga kodiani wa vijijini, mchoraji aliyekataa kuuza hata picha moja, mfanya biashara wa chai aliyefuata majani mpaka kwa wakulima wa Uchina: hao ndio mashujaa wa senema zake. Sifa aliyopewa na wahakiki wengi ni kwamba hakuwasemea. Filamu zake, yasemwa, hazina msimulizi. Watu husema wenyewe, huimba wenyewe, hupika wenyewe, na mpiga picha hukaa nyuma ya kamera kama mgeni mwenye adabu. Sifa hiyo ina ukweli mwingi. Walakini kwa mwanafunzi wa lugha haitoshi, maana kunyamaza nako ni namna mojawapo ya kusema. Mtu achaguaye neno gani la mwenzake lisikike, lipi likatwe, na lipi lifasiriwe, amekwisha kusema mengi bila kufungua kinywa.

Habari za maisha yake zaweza kupitiwa kwa haraka. Alisoma fasihi ya Kiingereza na mambo ya tamthilia katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, kisha akajifunza kazi ya senema mjini Los Angeles. Kwa muda alijipatia riziki kwa kutengeneza filamu za makampuni na viwanda, na mwaka 1967 akaanzisha kampuni yake ndogo, Flower Films. Kamera aliishika mwenyewe. Mwenzake wa miaka mingi alikuwa Maureen Gosling, aliyechukua sauti na kuunganisha picha, na haki yadai jina la mama huyo litajwe mapema, kwa kuwa mengi yanayosifiwa kuwa ni ya Blank yalitengenezwa mezani pake, mkasi mkononi.

Filamu iliyomtambulisha ni "The Blues Accordin' to Lightnin' Hopkins" ya mwisho wa miaka ya 1960, yenye urefu wa dakika 31 tu. Hopkins alizaliwa Centerville, Texas, mwaka 1912, na wakati huo alikuwa akiishi Houston. Blank alizoea kusimulia ya kuwa baada ya siku ya kwanza mwimbaji huyo alimwambia afungashe vyombo vyake aende zake: nyimbo zimekwisha pigwa, kazi imekwisha. Lililomwokoa ni karata. Blank aliketi akacheza naye, akashindwa, akaliwa fedha, na mwenyeji wake akafurahi hata akamwacha abaki. Kisa hiki huelezwa kama mzaha, na mzaha kimo; lakini chafaa kukumbukwa kila inaposemwa kuwa watu wa Blank walisema kwa hiari na kwa urahisi. Hawakusema kwa urahisi. Walisema baada ya mgeni kukubali kuwa mjinga mbele yao, na kulipa.

Matokeo yake ni usemi ambao ni nadra kuupata katika filamu za wakati ule. Aulizwapo blues ni nini, Hopkins hatoi maana ya neno kama kamusi itoavyo. Huanza kisa, sauti hupanda kidogo, vidole hugusa nyuzi, na kabla msikilizaji hajatambua, kisa kimekuwa wimbo. Miongoni mwa visa alivyozoea kusimulia ni kile cha mtoto mwenye kigugumizi ambaye hakuweza kulitamka jambo kubwa alilokuja kulisema, akashauriwa aliimbe, na alipoimba maneno yakatoka sawasawa. Wanaochunguza mpaka baina ya maneno ya kawaida na ushairi wangefanya vema kukizingatia kisa hicho, kwa sababu katika maneno machache chaonyesha jambo ambalo vitabu hulizungukia kwa kurasa nyingi. Blank hakulieleza. Aliiacha kamera juu ya uso na mikono ya msemaji, akapenyeza picha za barabara ya vumbi, za watu wakila, na za watoto wakichungulia.

Lugha ya Hopkins ni Kiingereza cha Weusi wa mashambani Texas. Si rahisi kwa mtu aliyejifunza Kiingereza shuleni, na hata Wamarekani wengine wa mijini huachwa nyuma mara kwa mara. Mtengenezaji mwingine angeandika maneno chini ya picha, kama ifanywavyo kwa lugha ya kigeni. Blank hakuandika. Mtazamaji ameachiwa kazi ya kutega sikio, na akishindwa, shida ni yake, si ya msemaji. Hapo uamuzi wa ufundi umekuwa pia uamuzi juu ya heshima ya lugha: kumwandikia Hopkins tafsiri ya Kiingereza kwa Kiingereza kungekuwa kumwambia mtazamaji kwamba mtu huyu hasemi lugha hiyo. Yafaa kukumbuka jinsi lahaja za Kiswahili zilivyotendewa vivyo hivyo. Shairi la Kiamu au la Kimvita lililochapwa bega kwa bega na tafsiri ya Kiswahili sanifu humsaidia msomaji, bila shaka, lakini pia humfundisha kimyakimya ni ipi kati ya semi mbili hizo iliyo lugha na ipi iliyo udadisi.

"A Well Spent Life" ya mwaka 1971 yamhusu Mance Lipscomb wa Navasota, Texas, aliyezaliwa 1895. Kwa karibu maisha yake yote alilima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, na sauti yake haikuingia katika sahani ya santuri mpaka mwaka 1960, alipokuwa na umri wa miaka 65. Filamu ni tulivu na nzuri mno, na uzuri wake ndio unaoleta swali. Lipscomb aeleza hesabu za mwenye shamba: mkulima hufanya kazi mwaka mzima, na mwisho wa mwaka, baada ya kukatwa madeni ya mbegu na chakula, hubaki na deni. Aeleza pasipo kupandisha sauti. Blank naye hapandishi. Mara picha imekwenda kwenye maua, kwenye mto, kwenye mlo wa Jumapili. Wako wahakiki walioona humo udhaifu, wakasema kuwa dhuluma imepakwa asali. Lawama hiyo haina budi kupimwa, kwa maana hurudi karibu katika kila filamu yake. Katika filamu hii haielekei kusimama. Mzee huyo hasemi kwa upole kwa sababu hakuumia; asema hivyo kwa kuwa upole ndio silaha aliyokuwa nayo, na mkato wa picha ungemkosea kama ungemlazimisha kupiga kelele ambazo hakupiga. Mahali pengine, kama itakavyoonekana, lawama hiyo yasimama imara.

Thamani kubwa ya kazi ya Blank kwa mtaalamu wa lugha iko Louisiana. Huko aliingia katika nchi ya watu wasemao Kifaransa cha namna mbili tatu: Wakajuni, ambao wazee wao walifukuzwa na Waingereza kutoka Akadia, Kanada, kuanzia mwaka 1755, na Wakrioli weusi, ambao historia yao ni ya utumwa na pia ya watu huru wa rangi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 iliamuru masomo yote ya shule za serikali yafundishwe kwa Kiingereza, na watoto wa vizazi viwili waliadhibiwa kwa kusema Kifaransa uwanjani. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji kuelezwa adhabu hizo zilikuwaje. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenziwe, na mambo hayo hayakwisha siku bendera iliposhushwa. Louisiana iliunda baraza la kukuza Kifaransa mwaka 1968. Miaka mitatu tu baadaye Blank akatoa "Spend It All", filamu ya dakika 41 juu ya Wakajuni. Na mwaka 1973 zikafuata mbili juu ya Wakrioli weusi, "Dry Wood" na "Hot Pepper".

Zilitengenezwa, basi, wakati ambapo wazee walikuwa wangali wakiona haya kusema lugha yao mbele ya mgeni, na vijana walikuwa wamekwisha kuiacha. Hilo huzipa uzito ambao huenda mtengenezaji mwenyewe hakuutafuta. Katika "Dry Wood" waonekana Alphonse Ardoin, aliyeitwa Bois Sec, yaani Kuni Kavu, mpiga kodiani, na Canray Fontenot, mpiga fidla. Twasikia, au tuseme yasikika, lugha ya wanaume wakichinja nguruwe, ya utani, ya sikukuu ya kabla ya Kwaresima ambapo watu wenye vinyago hupita nyumba kwa nyumba wakiomba vitu vya kutia chunguni. Hakuna mtafiti aliyeketi na daftari akiuliza neno la kisu ni lipi. Neno latokea kwa kuwa kisu chatakiwa. Wanaokusanya maneno ya lahaja kwa orodha za maswali wajua tofauti iliyopo baina ya neno lililoulizwa na neno lililotokea.

"Hot Pepper" ni juu ya Clifton Chenier wa Opelousas, aliyezaliwa 1925 na kufariki 1987, aliyejivika taji la kifalme na kujiita mfalme wa muziki wa zydeco. Jina lenyewe la muziki huo hudhaniwa kuwa limetokana na maneno ya Kifaransa "les haricots", yaani maharagwe, yalivyotamkwa kwa ulimi wa Wakrioli: herufi ya mwisho ya kibainishi imeshikamana na nomino, kisha waandishi wa Kiingereza wakaitia tahajia yao ya ajabu. Mambo kama hayo si mageni kwa wajuao jinsi Kiswahili kilivyoyapokea maneno "kitabu" na "vitabu" kutoka Kiarabu kisichojua kabisa kiambishi hicho. Nduguye, Cleveland, alikwaruza bati lenye mikunjo lililovaliwa kifuani kama fulana. Chenier hupita toka Kifaransa kwenda Kiingereza kama mtu avukaye barabara ya mtaani kwake, na Blank hamzuii wala hamwulizi sababu. Kwa mwenye kutaka kujua mchanganyo wa lugha hufanywaje na watu wasiojua kuwa wanachunguzwa, dakika 54 za filamu hiyo ni hazina.

Kuna tendo moja katika "Spend It All" ambalo limesimuliwa zaidi kuliko mengine yote: mtu ashika koleo na kuling'oa jino lake mwenyewe mbele ya kamera. Werner Herzog, mtengenezaji filamu wa Ujerumani, alilipenda hata akaliingiza tendo la namna hiyo katika filamu yake "Stroszek" ya mwaka 1977. Kwa Herzog jino hilo ni ishara ya dunia iliyoharibika. Kwa Blank ni jino. Tofauti ya watu wawili hao, waliokuja kuwa marafiki, imo yote humo.

Mwaka 1976 Blank alishirikiana na Chris Strachwitz, mzaliwa wa Ujerumani aliyeanzisha kampuni ya santuri ya Arhoolie, wakatoa "Chulas Fronteras", juu ya muziki wa Wameksiko wa mpakani Texas. Hapa wamo Lydia Mendoza, Flaco Jiménez, Narciso Martínez na wengineo, na filamu iliwekwa mwaka 1993 katika orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazopasa kuhifadhiwa. Kodiani iko tena, iliyoletwa Texas na wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki, ikashikwa na vidole vya Wameksiko mpaka ikasahau ilikotoka. Chombo hicho hicho kimekaa kwa miongo mingi katika vikundi vya taarabu vya Unguja, na hakuna Mzanzibari aulizaye leo kilikuja kwa meli gani.

Katika filamu hii Blank amebadili kanuni yake: nyimbo za Kihispania zimefasiriwa kwa Kiingereza chini ya picha. Alifanya hivyo kwa nia njema, na kwa sehemu amefaulu. Nyimbo za wafanyakazi wahamao kutoka shamba hadi shamba, wakichuma mazao ya watu kwa ujira mdogo, zisingefahamika kwa mtazamaji wa kawaida kama zingeachwa bila tafsiri, na siasa yote ya filamu imo ndani ya maneno hayo. Kwa kweli hapa ndipo lawama ya asali inapojibiwa vizuri zaidi: anachokosa kusema mtengenezaji, nyimbo zakisema. Walakini tafsiri yenyewe ni ya maana tupu. Wimbo wa kisa, uitwao corrido, aghalabu huwa na mishororo ya mizani nane, minne minne katika kila ubeti, na vina vilivyopangwa. Msomaji wa tenzi za Kiswahili atastaajabu kuona jirani asiyemjua, mwenye mizani ile ile na idadi ile ile ya mishororo, akitumika kwa kazi ile ile ya kuhifadhi habari za vita, mauaji na mashujaa. Katika mstari wa tafsiri hayo yote hayamo. Kilichobaki ni taarifa fupi: fulani alipigana, fulani alikufa, mama yake alilia. Mtazamaji asiyejua Kihispania husikia utenzi na kusoma barua ya simu.

Ingekuwa jambo jepesi kusema kuwa nafasi chini ya picha ni ndogo. Ndogo ni kweli; jicho halina muda wa kusoma zaidi ya mistari miwili. Lakini mstari mmoja wenye mizani hauchukui nafasi kubwa kuliko mstari mmoja usio nayo. Kazi hiyo ilihitaji mshairi, na hakuajiriwa mshairi. Mtu aliyekuwa na subira ya kuliwa fedha karatani ili asikie mwimbaji mmoja sawasawa hakuwa na subira hiyo hiyo kwa maneno ya waimbaji hawa.

Lawama nyingine ni juu ya chakula na wanawake. Hakuna filamu ya Blank isiyo na sufuria. Lydia Mendoza, mmoja wa waimbaji wakubwa wa Texas, aonekana akitengeneza tamale pamoja na jamaa zake. Katika "Always for Pleasure" ya mwaka 1978, inayohusu sherehe za New Orleans, mwimbaji Irma Thomas afundisha upishi wa maharagwe mekundu. Na mwaka 1980 alitoa filamu nzima juu ya kitunguu saumu, ambayo alipoionyesha alizoea kupika saumu humo humo ukumbini ili harufu iwafikie watazamaji. Chakula na ngoma ni ndugu, na mtu wa pwani hatamlaumu kwa kulijua hilo. Lakini sufuria ikirudi mara ya kumi huwa mazoea. Zaidi ya hayo, wanaume katika filamu za mwanzo huulizwa juu ya muziki na maisha, na wanawake, hata wakiwa waimbaji, huulizwa juu ya viungo. Hapa lawama ya asali yasimama. "Always for Pleasure" yaonyesha Weusi wa New Orleans wakishona kwa miezi mavazi ya shanga na manyoya ya kuvaa siku moja, kwa namna ya Wahindi Wekundu. Rangi zapendeza mno. Kwa nini watu hao walitengeneza sikukuu yao wenyewe kando ya ile ya Wazungu ni swali ambalo filamu yalipita kwa kucheza.

Ni haki kuongeza kwamba mwaka 1987 alitoa "Gap-Toothed Women", juu ya wanawake wenye mwanya, na humo hakuna anayeulizwa habari za jiko kwanza. Wasema juu ya haya waliyoona utotoni, juu ya daktari wa meno aliyetaka kuuziba, juu ya kujipenda. Mwanamitindo Lauren Hutton ni mmoja wao. Mwandishi wa Kiingereza Chaucer alimpa mwanya mwanamke wake mashuhuri ili kuonyesha ashiki yake. Uswahilini mwanya ni uzuri; husifiwa, na kuonewa wivu. Mtazamaji wa Mombasa au Tanga akiiona filamu hiyo atashangaa mwanzoni ni jambo gani linalotetewa, na mshangao huo wenyewe ni somo la namna jamii mbili zinavyoweza kuusoma mwili mmoja kwa kamusi mbili.

Filamu za wasanii wengine si sharti zipimwe moja moja. "Sprout Wings and Fly" ya mwaka 1983, juu ya Tommy Jarrell, mpiga fidla wa North Carolina aliyefanya kazi ya kuendesha greda barabarani, ni fupi na haina kasoro kubwa. "The Maestro" ya katikati ya miaka ya 1990 yamwonyesha Gerald Gaxiola, mchoraji, mshonaji na mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe, aliyeapa kutouza sanaa yake. Ni ya kuchekesha, na Blank ampenda mtu wake kupita kiasi. Mtu anayekataa kuuza hana budi kuulizwa anakula nini, na swali hilo halikufuatwa mpaka mwisho.

Filamu yake iliyosifiwa kuliko zote, "Burden of Dreams" ya mwaka 1982, ndiyo inayoupindua usemi kuwa Blank hana msimulizi. Yahusu Herzog alipokuwa akitengeneza "Fitzcarraldo" katika msitu wa Peru, akiwa ameazimia kuivusha meli ya tani 320 juu ya kilima kwa kamba na mikono ya watu, bila hila za kisenema. Mchezaji mkuu wa kwanza aliugua, Mick Jagger akaondoka, mhandisi akajiuzulu kwa kuhofu kuwa kamba itakatika iue watu. Katika filamu hii sauti ya mwanamke yasimulia toka mwanzo hadi mwisho. Kwa nini hapa, si kwingine? Jibu lililo karibu ni kuwa mambo yalikuwa mengi na yenye kutatanisha. Jibu lililo zito zaidi ni kuwa Herzog ni msemaji hodari kupita kiasi. Maneno yake juu ya msitu, kwamba ni uchafu na mauaji matupu na ndege wake hawaimbi bali hulia kwa uchungu, yametembea ulimwenguni kote. Pasipo sauti ya tatu, filamu ingekuwa ya Herzog, na Blank angekuwa karani wake. Msimulizi amewekwa si kwa ajili ya mtazamaji bali kwa ajili ya mizani.

Na ndani ya mizani hiyo waliingia wenyeji wa msitu walioajiriwa kuivuta meli. Blank aliwapa nafasi ambayo Herzog hakuwapa: wanawake watafuna mihogo na kuitema chomboni ili iwe pombe, wanaume wasema wanavyouona ujira wao na khofu zao. Maneno yao yamepita kwa wakalimani mpaka kufika Kiingereza. Njiani yamepotea mangapi, haiwezekani kupimwa kwa kuitazama filamu. Lakini ni dhahiri ya kuwa Herzog, anayesema Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kijerumani, yasikika kila silabi yake, na mvutaji meli asikika kwa muhtasari. Miaka miwili kabla, katika filamu fupi ambamo Herzog apika kiatu chake na kukila kwa kuwa aliahidi kukila iwapo kijana Errol Morris angemaliza filamu yake ya kwanza, Blank alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi mtu huyo ajuavyo kuifanya kamera imtumikie.

Swali la nani mwenye sura iliyopigwa lilimpata Blank mwenyewe kwa uchungu. Kati ya 1972 na 1974 alikaa kwa mwanamuziki Leon Russell huko Oklahoma, akatengeneza "A Poem Is a Naked Person". Ndani yake mna msanii akichora sakafu ya bwawa la kuogelea, nyoka akimeza kifaranga, na waimbaji wakiwa wamechoka. Russell hakupendezwa. Kwa miaka karibu arobaini filamu haikuonyeshwa ila mahali pachache, mwenyewe Blank akiwapo na pasipo biashara. Ikaachiwa huru mwaka 2015, mtengenezaji amekwisha kufa, kwa juhudi za mwanawe Harrod na kwa idhini ya Russell, aliyefariki mwaka uliofuata. Watetezi wa Blank huzihesabu hizo kuwa ni dhuluma ya tajiri kwa fundi. Yamkini. Lakini Russell alikuwa na mwanasheria, Lipscomb hakuwa naye, na ni mmoja tu kati ya hao wawili aliyeweza kusema la.

Jambo hilo lagusa kazi inayofanywa sasa juu ya wanamuziki wa Uswahilini. Filamu ya Andy Jones juu ya Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, siku chache tu baada ya Blank, ilitoka mwaka 2006 kwa jina la "As Old as My Tongue", jina linalofanana na msemo wa zamani wa Waingereza wakwepao kutaja umri wao. Bi Kidude alikuwa mtu ambaye Blank angemfuata mpaka mwisho wa dunia: mpiga ngoma ya unyago, mwimbaji wa taarabu, mvutaji sigara asiyeomba radhi, mwanamke aliyeishi alivyotaka katika mji unaopenda stara. Lakini unyago si blues ya Texas. Maneno yake ni mafunzo ya wanawake kwa wanawali, yenye mafumbo yasiyofumbuliwa mbele ya mwanamume wala ya asiyechezwa. Bi Kidude aliyapeleka jukwaani kwa uamuzi wake, na huko ng'ambo watu walicheza pasipo kujua wanaambiwa nini. Mfasiri aketipo kuyaandikia nyimbo hizo mstari wa chini, swali la kwanza halitakuwa mizani, wala vina, wala upana wa picha. Kila neno atakaloliacha bila kulifasiri litasikika vile vile, kwa sauti ile nzito iliyokwaruzika, na wale wanaopaswa kulifahamu watalifahamu.